Kabla hujampelekea fundi wa kukereza chuma: adapta ya kupimia nozeli za lori la jeshi

Mteja alikuja kutoka Mafinga na nozeli sita kazifunga kwenye mfuko wa saruji. Lori lake ni Bedford iliyostaafu jeshini, siku hizi inavuta magogo ya misonobari huko Sao Hill. Asubuhi ilikuwa inatoa moshi mweupe na silinda moja inagonga. Mashine ya kupimia nozeli ninayo, ile ya mkono yenye geji. Kilichokosekana ni nati. Ya kwangu ilishika mizunguko miwili kwenye shingo ya nozeli yake, ikakwama. "Kaza tu fundi, itaingia," akaniambia. Nikamrudishia nozeli zake mkononi, nikamwomba aje na bomba moja la presha kutoka kwenye injini ileile.

Malori haya yako mengi kuliko watu wanavyodhani. Yanapita kwenye tope la Makete na kwenye njia za mbao za Mufindi ambako Fuso inaachwa pembeni. Ila mashine zetu za kupimia huja na bomba moja au mawili tu, yanayolingana na malori tuliyoyazoea, na adapta ya gari la jeshi, yaani kiungo cha kuunganisha nozeli yake na mashine, huipati soko la Mwanjelwa hapa Mbeya hata uzunguke kutwa. Kwa hiyo tunachonga wenyewe. Kuchonga ni kazi ya saa mbili. Kazi kubwa iko kabla ya hapo.

Anza kwa kujua nozeli uliyoshika ni ya aina gani, maana si kila nozeli inapimika kwa mashine ya mkono. Nozeli ya kawaida inapokea mafuta yenye presha kutoka kwenye pampu kupitia bomba la chuma, springi inabonyea, sindano inanyanyuka, mafuta yanatoka. Hiyo inapimika. Lakini lori la Marekani la tani 5 la familia ya M939, yale ya mwanzo, lina injini ya Cummins NHC 250, na nozeli ya mfumo huo inatengeneza presha ndani yake yenyewe kwa kusukumwa na kemshafti. Injini za Detroit za mipigo miwili nazo zina nozeli inayobeba pampu yake ndani. Ukichonga adapta ya hizo umechonga pambo. Zina mashine zake. Ukiona bomba nene la chuma linatoka kwenye pampu na kuishia kwenye kila nozeli, endelea. Usipoliona, acha.

Jambo la pili nalitaja haraka: hakikisha kosa ni la nozeli kweli. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) iliyosetiwa pwani itatoa moshi mweusi ikipanda Mlima Nyoka hata nozeli zikiwa mpya. Angalia chujio la hewa na upumuaji wa injini kwanza. Nimeshafungua nozeli nzima sita kwa sababu ya kiota cha panya ndani ya bomba la hewa, na mteja alinilipa huku anacheka.

Sasa uzi. Hapa usiharakishe. Nozeli nyingi za mtindo wa Bosch zina uzi wa M14, yaani unene wa milimita 14, wenye hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1.5, na ndogo zake M12 kwa 1.5. Malori ya Uingereza na Marekani yana nyuzi za inchi, lakini si kila mahali. Injini moja inaweza kuwa na nati za inchi huku na za milimita kule, kwa kuwa pampu imetoka kiwanda kingine. Inayotutega ni ya inchi 9/16 yenye meno 18 kwa inchi. Ukipima kwa kalipa inakupa milimita 14.29. Hatua ya jino lake ni milimita 1.41. Ukilinganisha na M14 kwa 1.5, tofauti ni chini ya thuluthi ya milimita kwenye unene na chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye jino. Macho hayaioni hiyo. Nati inaanza vizuri, inakuchekea mzunguko wa kwanza na wa pili, halafu inakuwa ngumu. Mwenye spana ndefu ataimaliza kwa nguvu na ataamini imekaa, kumbe anachokaza ni meno yaliyolaliana.

Yamenikuta. Miaka ile sina geji ya nyuzi, nilichukua nati ya M14 nikaikaza kwenye shingo ya inchi. Ilivumilia hadi geji inasoma kama bar 120, kisha ikang'oka. Bomba lilipiga ubao wa meza na dizeli ikapaka ukuta mpaka kwenye kalenda. Nilikuwa nimesimama pembeni kwa bahati tu, si kwa akili. Wiki ileile nikanunua geji ya nyuzi, zile majani yenye meno yanayofunguka kama kisu cha mfukoni. Iweke kwenye uzi, inyanyue kuelekea kwenye mwanga. Mwanga ukipenya kati ya jino na jino, si yenyewe. Pima sehemu yenye angalau meno sita au saba, maana kwa meno mawili kila jani litaonekana linaingia. Na nyuzi za inchi za Whitworth, za Kiingereza, zina pembe ya digrii 55, siyo 60 kama za milimita na za Kimarekani, kwa hiyo hata idadi ya meno ikilingana bado hazioani.

Uzi unashikilia tu. Kinachozuia mafuta ni siti: mdomo wa bomba ulioumuliwa kama koni unaokaa ndani ya shimo la koni kwenye nozeli. Pembe iliyozoeleka kwenye bomba za presha za dizeli ni digrii 60. Mwambie fundi wa kukereza pembe hiyo kwa mdomo wako na umwandikie, kwa sababu akitumia biti ya kawaida ya kutobolea atakuachia shimo lenye pembe pana zaidi, koni itagusa kwenye ukingo mwembamba tu, itavuja na wewe utaendelea kukaza hadi shingo ya nozeli ipasuke. Mimi hupaka koni wino kidogo, naifunga kwa mkono, naifungua. Nikikuta duara kamili la wino upande wa pili, imekaa. Duara likikatika mahali, inarudi kwenye mashine.

Mimi napendelea njia isiyo na kukereza kwingi. Chukua bomba la presha la lori lenyewe, bovu au lililopinda, likate ubakize sentimita 20 upande wenye nati yake na koni yake. Upande huo tayari ni sahihi. Kiwanda kimeshakufanyia hesabu. Upande wa pili vika nati ya mashine yako, kisha umua mdomo kwa kifaa cha fundi pampu. Vika nati kwanza. Naandika mara ya pili kwa sababu kila anayejifunza kwangu ameumua mdomo mzuri sana, akageuka na kuiona nati iko mezani.

Ikiwa bomba halipo, kereza kutoka kwenye chuma kizima, shafti ya steli. Usitumie shaba, chuma cha kuyeyusha, bomba la maji, wala kuunga vipande kwa kulehemu na tundu katikati. Na tundu la ndani liwe dogo, milimita 2 hivi. Si suala la urembo. Kwa presha ya bar 250, tundu la milimita 2 linasukuma kizibo chake kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 8. Lipanue liwe milimita 10, presha ileile inasukuma kwa uzito wa kilo 200. Uzi uleule, nati ileile, ila sasa umeitundikia magunia mawili ya mahindi. Zaidi ya hapo, nafasi kubwa ndani inahifadhi hewa na kuifanya nozeli nzuri isilie vizuri (ule mlio wa sindano ikifunguka na kujifunga), halafu unailaumu bure. Hiyo ndiyo sababu sitaki pia mpira wa haidroli: unatanuka.

Adapta ikitoka kwenye mashine, ioshe na kuipuliza. Chembe moja ya chuma ikiingia kwenye sindano ya nozeli umeiua, na nozeli za malori haya si za kununua dukani kesho yake.

Kabla ya kufunga nozeli yoyote, pima adapta yenyewe. Ziba upande wa mbele kwa kizibo cha steli chenye koni, ondoa hewa, kisha panda taratibu hadi mara moja na nusu ya presha utakayotumia. Kama kazi ni bar 200, ifikishe 300, iache dakika moja, tazama mshale. Simama pembeni ya mstari wa bomba. Usitafute uvujaji kwa kidole, tumia kipande cha kadibodi.

Kuhusu vidole sitanii. Mchirizi wa nozeli unatoboa ngozi bila kukuuliza. Mwanzoni ni kitundu kama cha sindano, hakiumi sana, mtu anafuta kwa tambara na kuendelea. Baada ya saa chache mkono unavimba, na dizeli iliyo ndani inaendelea kuua nyama. Watu wamekatwa vidole na mikono kwa hilo. Ikitokea, acha kazi saa hiyohiyo, nenda hospitali yenye upasuaji, kwa hapa ni Rufaa ya Kanda, na umwambie daktari bayana kwamba ni dizeli imeingia kwa presha kubwa. Usiseme umechomwa na kitu. Vaa miwani, elekeza nozeli ndani ya chombo chenye kina, na mtoto wa jirani anayekuja kutazama aende nje.

Na moto. Juni na Julai huku kwetu gereji inawekwa jiko la mkaa kwenye kona, wote tunalijua. Dizeli kwenye ndoo ni mvivu kuwaka, lakini ukungu wa dizeli unashika haraka. Jiko litoke, anayelehemu asubiri. Mafuta maalumu ya kupimia ni bora kuliko dizeli. Ukilazimika kutumia dizeli iwe safi, iliyochujwa, na isiwe imelala kwenye baridi la usiku, kwani ikiwa nzito geji inakudanganya.

Tafuta presha ya kufunguka kwenye kitabu cha injini hiyo, siyo cha injini ya ndugu yake. Vitabu vya Kimarekani vinaandika psi. Gawanya kwa 14.5 upate bar, hivyo psi 3,000 ni kama bar 207. Usihukumu mchirizi kwa mazoea pia. Injini za lori la Kimarekani la M35A2 zinazokubali mafuta ya aina nyingi hupiga dizeli kuelekea ukuta wa kibakuli kilichochongwa kwenye pistoni, na nozeli yake nzima unaweza kuiona kama mbovu ukizoea za Scania.

Mzee wa Mafinga alirudi baada ya siku nne na bomba lake. Nozeli tano zilifunguka karibu sawa, ya nne kwenye mpangilio ilikuwa inadondosha kabla ya wakati. Ile adapta nimeigonga namba kwa patasi ya herufi, 9/16-18, nikaifunga mdomo kwa plastiki na kuiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na zile nyingine tatu. Washa za shaba alizokuja nazo sikuzirudisha, nilimpa mpya.