Pikapu ya dizeli inasumbua kuwaka asubuhi? Itafute hewa kabla hujanunua pampu

Rafiki yangu alishaambiwa anunue pampu nyingine ya dizeli. Pikapu yake ikilala usiku kucha, asubuhi anapiga stata mpaka betri inalegea. Ikishawaka, kutwa nzima haina neno. Tulipoikagua pamoja, ugonjwa ulikuwa kipande cha mpira kisichofika shubiri moja. Pampu ni spea ghali, ndiyo maana naandika hatua tulizopita. Zinahusu injini za zamani zisizo na kompyuta, ambazo pampu yake huvuta dizeli yenyewe kutoka tangini.

Hatua ya 1: Tazama moshi

Mtu apige stata, wewe simama nyuma kwenye ekzosi. Ukiona moshi mweupe, dizeli inafika ila haiungui: pima hita plagi (zile plagi zinazopasha joto silinda kabla injini haijawaka) kwa mita, moja moja, ukiwa umezifungua waya. Nzima huonyesha omu chache tu au chini ya moja. Iliyokatika haipitishi umeme kabisa. Moshi usipotoka hata kidogo, dizeli haifiki. Nenda hatua ya 2.

Hatua ya 2: Filta

Mwaga maji yaliyotuama chini ya filta, funga filta mpya, kisha bonyeza kipampu cha mkono cha filta mpaka kitufe chake kiwe kigumu.

Hatua ya 3: Tafuta hewa inapoingilia

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mimi niliwahi kukosea. Tunatafuta mahali panapovuja dizeli, hatuoni tone, tunasema mfumo ni mzima. Lakini kutoka tangini hadi kwenye pampu dizeli haisukumwi, inavutwa. Ufa mdogo hapo unaweza usitoe dizeli nje. Unaingiza hewa ndani. Gari likilala, dizeli inateremka polepole kurudi tangini, na asubuhi pampu inavuta upepo.

Usianze kubadilisha vitu kwa kubahatisha. Chukua dumu safi la dizeli, liweke juu kuliko pampu na ulifunge vizuri lisianguke. Chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, weka mpira mwingine unaoonyesha ndani, unaotoka kwenye dumu na kupitia filta ndogo. Mpira wa ritani, ule unaorudisha dizeli tangini, uuache ulivyo kwanza. Toa hewa kama nitakavyoeleza hatua ya 4, washa, kisha ulaze gari usiku kucha likiwa hivyohivyo. Asubuhi likiwaka mara moja, pampu yako haina kosa. Ubovu uko kati ya tangi na pampu. Kwangu hakuna kipimo kinachozidi hiki, na fundi anayekushauri ununue pampu kabla ya kukifanya, mwombe akifanye kwanza.

Sasa rudisha mfumo kipande kwa kipande. Weka ule mpira unaoonyesha ndani baina ya filta na pampu, uangalie mapovu injini ikiunguruma. Yakionekana, uhamishie kabla ya filta. Yakitoweka hapo, kosa ni la filta yenyewe, na mara nyingi ni kile kipampu cha mkono au oringi yake (pete ya mpira ya kuzibia). Yakiendelea, fuata bomba kuelekea nyuma. Kama gari husumbua tu tangi likishuka chini ya nusu, shuku bomba la kuvutia lililomo ndani ya tangi: kutu huweza kulitoboa katikati, na tundu likiwa ndani ya dizeli halina madhara mpaka dizeli ishuke.

Usisahau ritani. Vile vipira vyembamba vinavyounganisha noseli (zinazorasha dizeli kwenye silinda) hukauka na kupasuka. Ukikuta kimoja kimekufa, badilisha vyote. Tumia mpira wa dizeli, si wa maji, maana wa maji hulainika na kuvimba. Na tafadhali, usizibe kiungo cha dizeli kwa silikoni wala utepe wa mafundi bomba. Kipande kikichanika kinaweza kuishia ndani ya pampu. Badala yake weka washa mpya (zile pete bapa za kuzibia), moja kila upande wa kiungo.

Kuna jambo lililowahi kunipotezea mchana mzima. Zile bolti mbili zenye tundu, ya kuingiza dizeli na ya kutoa, zinafanana kwa nje. Ile ya kutoa, ambayo mara nyingi huandikwa OUT, ina kitundu chembamba sana kinachobakiza presha ndani ya pampu. Nilizibadilisha mahali bila kujua. Injini ikawa inawaka na kuzima, haina nguvu, nami nikaendelea kutafuta hewa isiyokuwepo. Zitie alama kabla hujazifungua.

Hatua ya 4: Toa hewa

Legeza nati za mabomba kwenye noseli nusu mzunguko (nyingi huchukua spana namba 17), piga stata sekunde 10 hadi 15, pumzisha, rudia mpaka dizeli itoke bila mapovu. Kaza. Usisogeze mkono karibu: dizeli yenye presha ya noseli hupenya ngozi.

Hatua ya 5: Spea

Usinunue kwa jina la gari. "Nataka hita plagi za Hilux" haitoshi, kwa sababu injini zake ni tofauti: 2L ina cc 2446, 3L ina 2779, na 5L ina 2986, na kwa nje zinafanana. Soma kibati cha chumba cha injini, kisha usome na bloku yenyewe, maana pikapu nyingi za umri huo zimeshawekwa injini nyingine. Vikitofautiana, spea za injini nunua kwa bloku. Za breki na stelingi, kwa chesesi.

Hita plagi lazima zilingane volti na zile ulizotoa. Ya volti 6 ikiwekwa kwenye mfumo wa volti 12 huungua upesi. Gasketi ya silinda hedi nayo ina unene tofauti, unaotambulika kwa herufi au vikato vya pembeni, kwa hiyo nenda na ile kuukuu mkononi. Spea za mtumba nazikubali kwa mabodi, milango na hata gia boksi. Mpira, oringi na washa za shaba sinunui mtumba kamwe. Noseli za mtumba nazo hazifungwi mpaka zipimwe kwenye mashine, uone zinavyorasha.