Panya wa pembeni mwa shamba: mtazame tumbo kwanza

Msimu wa kupanda ukikaribia, wakulima wa Rungwe huniuliza swali lile lile: bwana shamba, tutumie sumu gani? Nami huwaomba tuanze na panya mwenyewe, maana wanaopita pembeni mwa shamba si wote wezi.

Mwizi tunamjua. Ni panya shamba, wa rangi ya kijivu na kahawia, tumbo jeupejeupe, mkia unaokaribia urefu wa mwili. Hufukua mbegu ya mahindi usiku uleule ilipopandwa, na wiki mbili za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Anarudi tena mahindi yanapokomaa. Jike anaweza kuwa na chuchu hadi 24, hubeba mimba siku 23 hivi na mara nyingi huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo. Wanaoorodhesha viumbe walio hatarini duniani wamemweka kwenye kundi lisilo na tishio, kwa kuwa ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Huyo mdhibiti bila wasiwasi.

Sasa panda juu, kwenye mashamba ya viazi yanayopakana na msitu wa Mlima Rungwe. Huko utakuta panya mwingine: manyoya magumu kama brashi, mkia mfupi, masikio madogo, tumbo la rangi ya kutu. Wanasayansi wanamwita Lophuromys machangui. Alitambulishwa mwaka 2007 kutokana na panya wa mlima huohuo, na jina lake linamuenzi Machang'u, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Chakula chake kikubwa ni sisimizi na wadudu wengine. Hana makazi mengi kama panya shamba; anategemea msitu wenye unyevunyevu na nyasi nzito za ukingoni. Nyasi hizo tukizichoma, na moto ukaingia msituni, tumembomolea nyumba.

Kwa hiyo tega kwa kuchagua. Mitego ya kubana iweke katikati ya shamba na kwenye matuta yenye mashimo mapya, usiipange kwenye mstari wa msitu. Chambo kiwe mahindi ya kukaanga au karanga. Dagaa acha nyumbani, kwani harufu yake inamvuta mla wadudu. Wanaofukia ndoo ardhini, ndoo ya karibu na msitu isitiwe maji. Ikague alfajiri kabla jua halijapanda, na mwenye tumbo la kutu mwachie. Ngozi na mkia wake hukatika kirahisi, hivyo usimshike, inamisha ndoo atoke mwenyewe. Na panya yeyote, hai au mfu, usimguse kwa mkono mtupu, maana homa ya mgunda hupita kwenye mkojo wao.

Sumu? Ikibidi, iwekwe mashimoni na kufukiwa, kwa kufuata maelekezo ya kwenye pakiti na ya afisa ugani wako. Kuimwaga juu ya ardhi ni kuwaua kuku wa jirani na ndege wa porini. Sumu zinazozuia damu kuganda humuua panya polepole. Akiwa amelegea, bundi anamchukua, na bundi naye anakufa. Najua kwetu wengi humwona bundi kuwa uchuro na humfukuza akitua kwenye paa. Nawasihi sana muachane na hilo. Bundi anakula panya usiku kucha bila malipo, na akiwa na vifaranga anawinda zaidi. Simika nguzo ndefu chache shambani apate pa kutua.

Lenye faida kuliko yote halihitaji duka la pembejeo: majirani mpande kwa wakati mmoja. Anayepanda peke yake, mapema au kwa kuchelewa, analisha panya wa kitongoji kizima. Fyekeni magugu ndani ya shamba na kwenye mipaka kati ya mashamba wiki chache kabla ya kupanda, kwa panga na jembe, bila kiberiti. Ila upande unaogusa msitu, acheni ukanda wa nyasi usimame.

Mavuno yakiingia, ghala liwe na miguu iliyovishwa bati, na mahindi yasilale chini hata usiku mmoja.