Umebadilisha injini na sailensi imepanda? Tafuta hewa kabla ya kushika bisibisi

Injini uliyoipandikiza kwenye gari lako la zamani imewaka, haitoi moshi, haivuji oili. Lakini mguu hauko kwenye mafuta na bado inanguruma kwa mizunguko 1,600 kwa dakika (RPM), wakati ulitarajia 800. Mkono unakimbilia bisibisi ili ulegeze skrubu ya sailensi, yaani mwendo wa injini usipokanyaga mafuta. Uzuie. Injini ya petroli ikizunguka haraka bila kukanyagwa, karibu kila mara kuna hewa ya ziada inayopita mahali. Ukianza na skrubu utaificha dalili, na siku utakapoziba penye tatizo gari litakuwa linazima kila ukiachia mafuta.

Fanyia kazi hii nje au penye hewa ya kutosha, kwa sababu moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksidi, inayoua bila kunuka. Vuta hendibreki, weka vigingi kwenye magurudumu, kizimamoto kiwe karibu. Acha injini ipate moto kamili, maana ikiwa baridi sailensi hupanda kwa makusudi.

Hatua ya 1: Hakikisha mshale hausemi uongo

Wengi huruka hapa, nami niliwahi kuruka. Geji ya RPM ya dashibodi ya zamani huhesabu mapigo ya moto. Kwenye injini ya silinda 4 yenye distributa (kifaa kinachogawa moto kwa plagi) ni mapigo 2 kwa kila mzunguko. Ya silinda 6 hutoa 3. Ukiweka injini ya silinda 6 ukabaki na geji ya silinda 4, 800 za kweli zitasomeka 1,200. Ya silinda 8 itasomeka mara mbili. Pima kwa kifaa kingine kabla ya kufungua nati yoyote.

Hatua ya 2: Chomoa waya wa akselereta

Baada ya kubadilisha injini, waya mara nyingi ni mfupi, au braketi yake imekaa pembe isiyo yake. Uchomoe kwenye throto, mlango wa hewa ya injini. Sailensi ikishuka, umepata: rekebisha braketi hadi waya uwe na ulegevu wa milimita 2 au 3. Kisha urudishe, mtu apige resi kidogo huku ukitazama injini inavyoyumba kwenye maunti. Ikiwa kuyumba kunauvuta waya, ulegevu ule hautoshi. Hakikisha pia springi ya kurudishia inakifunga kipepeo (kibati cha ndani ya throto kinachofungua na kufunga njia ya hewa) hadi kigonge skrubu yake.

Hatua ya 3: Ziba mdomo

Kipimo hiki huligawa tatizo mara mbili, na ndicho ninachokitegemea kuliko vingine. Toa chujio la hewa, kisha funika mdomo wa kabureta au throtobodi, mahali hewa inapoingilia, kwa kipande bapa cha mpira mgumu. Usitumie kiganja, injini inaweza kurudisha moto. Kama mpira wa valvu ya sailensi (inayopitisha hewa pembeni ya kipepeo) unachukua hewa mahali pengine, uzibe nao.

Injini ikizima, hewa ilikuwa inapitia mlango halali: nenda hatua ya 5. Ikiendelea kuzunguka, inanyonya hewa baada ya kipepeo: endelea na ya 4.

Hatua ya 4: Tafuta tundu

Anza na mipira. Injini imetoka kwenye gari lenye vitu ambavyo lako halina, na kila kitu kilichoachwa kimeacha bomba wazi kwenye manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda): mpira wa giaboksi ya otomatiki, mpira wa mvuke wa tangi la mafuta, na ule ninaoukuta mara kwa mara, valvu ya kupandisha sailensi iliyokuwa kwenye pampu ya pawa stelingi. Pampu ikiachwa, mipira yake miwili hubaki ikivuta hewa kimyakimya. Ziba kila bomba kwa kifuniko cha mpira na klipu. Utepe wa plastiki huyeyuka. Kisha bana mpira wa busta ya breki (kifaa kinachorahisisha kukanyaga breki) kwa muda mfupi, gari likiwa limesimama. Mngurumo ukishuka, kagua mpira huo na busta yenyewe.

Halafu gasketi. Nyunyiza maji kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi na chini ya kabureta, mbali na distributa na nyaya za plagi. Mngurumo ukibadilika ghafla, maji yameziba tundu kwa sekunde moja. Kuna wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta. Inaonyesha haraka zaidi, lakini juu ya ekzosi yenye moto inawaka. Mimi nimebaki na maji.

Hatua ya 5: Mlango halali uliokwama wazi

Kwa kabureta, tazama choki. Choki ya umeme isipopata volti 12 za swichi haifunguki, na kamu yake hushikilia sailensi juu. Usiiunge kwenye koili. Penye rezista umeme hautoshi.

Kwa injini ya sindano za mafuta, ziba kwa kidole vitundu vidogo vilivyo kabla ya kipepeo. RPM ikishuka, valvu ya sailensi ndiyo inayopitisha. Injini kama 4A-GE ya Toyota ina valvu ya nta inayofungwa na joto la maji ya rejeta. Niliwahi kupoteza siku mbili nikibadilisha sensa, kumbe mipira miwili ya maji chini ya throtobodi niliiacha bila kuiunga ili injini ionekane nadhifu. Nta haikupata joto, valvu haikufunga. Niliiunga, na ndani ya dakika chache sailensi ikateremka yenyewe.

Angalia pia sensa ya joto. Yenye waya mmoja kwa kawaida ni ya geji. Kompyuta huhitaji yake, aghalabu ya waya mbili. Sensa nyingi za aina hii husoma kilo-omu 2 hadi 3 zikiwa kwenye nyuzi 20, na omu mia mbili au tatu injini ikiwa na moto. Kompyuta ikiamini injini ni baridi, itaipandisha sailensi siku nzima.

Hatua ya 6: Taimingi

Taimingi ni wakati plagi inapopiga moto. Moto ukipigwa mapema mno, RPM hupanda kwa hewa ileile. Chomoa mpira wa vakyumu wa distributa, uzibe, pima kwa taa ya taimingi, ulinganishe na kitabu cha injini uliyoweka. Kitabu cha gari hakikusaidii hapa.

Hatua ya 7: Sasa skrubu

Weka sailensi ya kitabu hicho. Injini nyingi huangukia kati ya 600 na 900. Piga resi mara tatu, washa taa, kata stelingi hadi mwisho. Zima gari, subiri dakika 10, washa tena. Mshale ukirudi palepale, rudisha chujio la hewa, kisha utoke na gari barabarani.