Namna ya Kuchagua Tochi ya Kubeba Kila Siku

Anayeishi Kampala, Gulu au Kasese anajua kwamba umeme hukatika bila taarifa, na taa ya simu, ingawa husaidia, hula chaji ambayo huenda ukaihitaji kumpigia mtu wa bodaboda. Tafuta basi tochi inayoingia mfukoni, na kabla ya kuangalia mwanga wake, angalia betri.

Tochi nyingi za kuchaji hutumia betri ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa takriban milimita 65. Betri halisi ya ukubwa huo hufikia mAh 3,500 hivi (mAh ni kipimo cha chaji inayohifadhiwa na betri). Ukiikuta sokoni Owino imeandikwa mAh 9,900, iache papo hapo, kwa maana aliyedanganya kuhusu betri hatashindwa kudanganya kuhusu mwanga. Kwa anayekaa kijijini, mbali na umeme, naona afadhali tochi ya betri za kawaida za AA, ambazo ni rahisi kupatikana madukani.

Lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 100 hadi 300 zinatosha kabisa kwa njia ya miguu. Zaidi ya hapo tochi hupata joto na betri huisha mapema. Kwa msimu wa mvua, alama ya IPX4 huonyesha kwamba tochi inastahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande, na IPX7 kwamba inaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30.

Kabla ya kulipa, iwashe na uitikise kwa nguvu: mwanga ukipepesa, mrudishie mwenye duka.