Somo: Kutia harufu ya karafuu na mchaichai kwenye sabuni ya kuogea

Karibuni wanakikundi. Sabuni ikiganda ndani ya ndoo kabla haijafika kwenye kalibu (chombo cha kuipa umbo), swali la kwanza la kuuliza ni: umetia karafuu? Mafuta ya karafuu yana eugenoli nyingi, yaani kemikali inayoipa karafuu harufu yake, na eugenoli ikikutana na kostiki soda huharakisha uji wa sabuni kuwa mzito, wakati mwingine ndani ya sekunde chache. Lakini harufu hiyo inadumu kwenye sabuni kuliko nyingi nyingine, kwa hiyo inafaa kuijua vizuri badala ya kuikimbia.

Vipimo vyote hapa ni gramu. Usipime kwa matone wala kijiko. Kijiko kimoja cha mililita 5 kikijaa karafuu kina gramu 5 na zaidi kidogo, kikijaa mafuta ya machungwa kina kama gramu 4.2. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha.

Kukagua mafuta kabla ya kununua mengi

Mkarafuu hutoa mafuta ya aina tatu: ya karafuu yenyewe, ya makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu) na ya majani. Kisiwani Pemba, kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, hukamua kwa mvuke. Kwa sabuni, ya makonyo yanatosha kabisa. Ya karafuu yenyewe ni ghali na tofauti yake ndogo hupotelea kwenye kostiki.

Dondosha tone kwenye glasi ya maji. Karafuu ni nzito kuliko maji, hivyo tone huzama na kukaa chini kama ushanga. Likielea, yamechanganywa. Mchaichai huelea, hilo ni kawaida yake. Kisha dondosha tone la kila moja kwenye karatasi nyeupe uliache hadi kesho: likiacha doa linalong'aa kama karatasi iliyofungiwa maandazi, ndani yake mna mafuta ya kupikia.

Vipimo (vipande kama 12)

Mafuta ya nazi 350, mawese yaliyosafishwa 400, alizeti 200, nyonyo 50. Kostiki soda 146. Maji 320. Kiasi hiki cha kostiki kinaacha takriban asilimia 5 ya mafuta bila kugeuka sabuni, ili isikaushe ngozi. Ukibadilisha mafuta hata aina moja, piga hesabu ya kostiki upya, maana kila mafuta hula kiasi chake. Maji yameongezwa kidogo makusudi: kostiki iliyozimuliwa zaidi huenda polepole, na karafuu inahitaji huo upole.

Harufu: mchaichai 14, mkaratusi 6, karafuu 5. Jumla 25, yaani asilimia 2.5 ya mafuta. Usipite asilimia 3 kwa jumla, na karafuu isizidi hizo gramu 5 kwa kila kilo ya mafuta. Ikizidi, inawasha ngozi na mchanganyiko haushikiki.

Hatua

1. Vaa glavu, miwani ya kinga na nguo ya mikono mirefu. Tumia chombo cha stili au ndoo ya plastiki ngumu. Sufuria ya alumini usiiguse: kostiki huila na kutoa gesi inayoshika moto.

2. Mimina kostiki kwenye maji, kidogo kidogo, mahali penye hewa. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki, yatachemka na kukurukia. Acha ipoe hadi nyuzi 30 au 35. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, usipake siki.

3. Yeyusha nazi na mawese, changanya na alizeti na nyonyo, nayo yapoe hadi nyuzi hizo hizo. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mchanganyiko wa nyuzi 45 wenye karafuu haukusubiri.

4. Chota gramu 50 za mafuta hayo uweke kwenye kikombe cha glasi, kisha utie harufu zote tatu humo na kukoroga. Kikombe chepesi cha plastiki huyeyuka kwa karafuu. Kuizimua hivi kunaisambaza sawasawa, isije ikagandisha sehemu moja tu.

5. Andaa kalibu kabla ya kuanza kuchanganya, karatasi ikiwa imeshatandikwa.

6. Mimina kostiki kwenye mafuta. Tumia blenda ya mkono kwa kugusa tu: sekunde tano, koroga, sekunde tano. Acha rangi inapokuwa moja na hakuna mafuta yanayoelea, ukiinua mwiko tone lizame bila kuacha alama. Ukingoja uji wa kushika alama, umechelewa.

7. Weka blenda pembeni. Mimina kikombe cha harufu na koroga kwa mwiko wa silikoni. Utaona uji ukibadilika mkononi: kwanza kama maziwa, kisha kama uji wa mtoto, na rangi kuelekea manjano. Mimina mara moja.

8. Usifunike kwa blanketi. Karafuu inaongeza joto lake yenyewe, na kwa hali ya hewa ya pwani sabuni inaweza kupasuka katikati.

Kata baada ya saa 24 hadi 48, panga kwenye rafu yenye hewa kwa wiki 4 hadi 6. Rangi itaishia kahawia hafifu. Hilo ni la karafuu, halina dawa, kwa hiyo usiahidi wateja sabuni nyeupe.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, shikamoo. Yangu imeganda kama jiwe ndani ya ndoo. Nitupe?*

Marahaba. Usitupe. Ihamishie kwenye chombo cha stili, kiweke juu ya sufuria ya maji yanayochemka, funika, koroga kila baada ya dakika 10. Italainika kama viazi vilivyopondwa. Ishindilie kwenye kalibu kwa kijiko. Haitakuwa laini machoni, lakini inaosha, na karafuu nyingi itabaki.

*Ndimu na machungwa hupotea baada ya mwezi. Nizidishe?*

Kuzidisha hakusaidii, hayo ni mepesi na huruka. Weka mchaichai uwe nusu ya harufu, machungwa yawe juu yake. Pua itasoma jamii ya ndimu na mchaichai utabaki.

*Nikichemsha majani ya mchaichai na kutumia maji yake?*

Utapata rangi ya kahawia, harufu hutapata. Kilichomo kwenye maji hayo ni kidogo na kostiki hukimaliza.

*Nina manukato ya dukani ya kujipulizia. Yanafaa?*

Hapana. Yana spiriti, inayogandisha mchanganyiko na kuupandisha joto ghafla.

*Na mafuta ya mdalasini?*

Ya gome yaache, yanachoma ngozi hata kwa kiasi kidogo.

*Na kwa mtoto mchanga, kaka?*

Dada, ya mtoto mchanga usitie harufu yoyote. Toa uji kidogo kabla ya hatua ya 7, umimine kalibu yake pembeni.

*Natengeneza sabuni ya maji ya ndoo ya lita 20, ile ya sles, dawa ya kutoa povu. Nitie kiasi gani?*

Gramu 60 hadi 100. Changanya harufu na sles kwanza, kabla ya maji, hadi isionekane. Ukiitia mwishoni itaelea juu. Jaribu kwenye lita moja kabla ya ndoo nzima, kwa sababu mafuta haya mara nyingi huifanya sabuni iwe nyepesi. Ikilegea, ongeza maji ya chumvi kijiko kimoja kimoja na kukoroga kila mara. Ukipitiliza chumvi, inalegea tena.