Namna ya kuomba msaada wa serikali baada ya mafuriko kuharibu shamba au kitalu cha miche

Mkulima wa Dodoma ambaye mvua za Januari zimesomba mahindi yake bondeni anapaswa kufahamu tangu mwanzo kwamba serikali haimlipi kila mtu thamani ya mazao aliyopoteza. Kinachotolewa ni msaada, si fidia, na msaada huo hufuata taarifa ya tathmini inayoandaliwa chini ya utaratibu wa Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022. Asiyeonekana katika taarifa hiyo ni vigumu kukumbukwa baadaye, hata kama hasara yake ilikuwa kubwa kuliko ya jirani.

Kwa hiyo andika barua kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, siku hiyohiyo ikiwezekana, ukitaja eneo, zao, ukubwa wa shamba na tarehe ya tukio, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mwombe afisa ugani afike shambani kabla hujalima upya. Najua ugumu wa kungoja, kwa kuwa msimu wetu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka na kila siku inayopita inapunguza unyevu. Ikiwa huwezi kusubiri, piga picha za shamba lote, acha kipande kisichoguswa, na uwaombe majirani wawili watie saini kuwa mashahidi.

Kitalu kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ekari tatu za mtama hupimika hata baada ya maji kupungua, ilhali miche iliyosombwa haiachi alama yoyote. Mwenye kitalu asiyekuwa na daftari hana namna ya kuthibitisha kwamba alikuwa na miembe ya kubebesha, yaani iliyoungwa na kikonyo cha mwembe mwingine, na si mbegu zilizosiwa juzi, ingawa bei ya vitu hivyo viwili inatofautiana sana. Daftari lionyeshe aina ya miche, tarehe ya kusia au kubebesha, idadi ya viriba katika kila tuta na bei ya kuuzia, likiambatana na stakabadhi za mbegu na viriba. Picha za kurasa zake zihifadhiwe kwa ndugu anayeishi mbali na kitalu. Unapoorodhesha hasara, tenganisha miche iliyokufa, miche iliyodhoofika, na vifaa kama pampu, tangi na banda la kivuli. Miche iliyozama isiuzwe kabla afisa ugani hajaikagua, kwani mizizi yake huweza kuoza taratibu na kumpa mnunuzi hasara nyingine.

Taarifa ya kijiji hupanda kwenda kata, wilaya na mkoa, hadi Idara ya Menejimenti ya Maafa iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Omba kuonyeshwa jina lako na takwimu zako kabla orodha haijaondoka kijijini, na usizidishe hesabu, maana namba moja ya uongo hutia shaka orodha ya kijiji kizima. Anayekudai pesa ili akuandikishe, mripoti TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa namba 113.

Wakati tathmini inaendelea, hakikisha taarifa zako katika daftari la wakulima ni sahihi, kwa sababu ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 humfikia mkulima aliyesajiliwa pekee. Mwenye bima ya kilimo asome mkataba wake leo: bima ya fahirisi ya hali ya hewa hulipa kwa kufuata vipimo vya mvua, si kwa kukagua shamba lako, na bima nyingine zina siku maalumu za kutoa taarifa.

Mwenye mkopo apeleke benki nakala ya tathmini pamoja na barua ya kuomba kurefushiwa muda wa marejesho, kabla ya tarehe ya rejesho kupita. Vikundi vya vitalu vya wanawake, vijana au watu wenye ulemavu vinaweza pia kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata.