Unataka kusoma usimamizi wa majengo Ardhi? Anzia hapa

Wadogo zangu mliomaliza form six, hii kozi watu wanaipita tu wakidhani ni ya kufagia na kukaa getini, sio hivyo kabisa. Chuo Kikuu Ardhi pale Dar wana digrii yake, maombi unatuma kwenye mfumo wa chuo dirisha likifunguliwa, na mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) unaomba kivyake, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) mapema, usisubiri dakika za mwisho.

Ukishaingia usikae na notsi tu. Chukua jengo moja unalolijua, hata hosteli yenu, likague mwenyewe: maji yanapandaje kwenye simtank, umeme ukikatika jenereta inachukua muda gani kuwaka, lifti ilifanyiwa sevisi lini, mitungi ya kuzimia moto ina tarehe gani, yote weka kwenye Excel halafu piga hesabu, kuhudumia kila mwezi ni shingapi na kusubiri kitu kife ndo ununue kipya ni shingapi. Kwangu mimi kozi nzima iko hapo, maana jengo linajengwa miaka michache ila linatumika miongo na miongo.

Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa majengo ni ISO 41001 ya 2018, kijue mapema.

Fildi (mafunzo kwa vitendo) using'ang'anie ofisi yenye kiyoyozi, omba uzunguke na fundi bomba na fundi umeme, na ripoti andika kila jioni, ukiacha wiki mbili utasahau hata valvu ipi ilikuwa inavuja.